Shahidi wa Ubatizo wa Léonard

Edmond mwana wa Nzabandora alirudi Kabingo katika likizo ya mwaka 1956 akiwa na vitu vitatu ambavyo kilima kile cha Masisi hakikuwa navyo: suruali ndefu ya kaki, kitana cha mfukoni, na neno moja la Kifaransa. Suruali ilichafuka siku ya pili. Kitana alikiiba dada yake Sidonie. Neno likabaki, na afadhali Sidonie angeliiba hilo.

Neno lenyewe lilikuwa preuve, yaani ushahidi. Kule shuleni kwa mapadri, alikomaliza mwaka wa nne wa sekondari, kulikuwa na kikundi cha mabishano kila Alhamisi alasiri. Wanafunzi walisimama wawili wawili, mmoja akitetea jambo na mwenzake akilipinga. Mwalimu aliwafundisha kanuni moja: anayesema jambo lipo, yeye ndiye mwenye mzigo wa kulionyesha. Asiyesema kitu hana mzigo wowote, anaweza kukunja mikono na kungoja. Edmond aliipenda kanuni hiyo kuliko chakula, kwa sababu ilimpa mtu mvivu nafasi ya kushinda.

Mwezi wa saba, jua kali, ikafika siku ya kupiga maharagwe kwa mama yake, Mama Mukandori. Kule Masisi maharagwe hayapigwi na mtu mmoja. Mashina makavu hurundikwa uani, majirani huja na fimbo zao, husimama mistari miwili na kupiga kwa zamu, upande huu, upande ule, mpaka maganda yapasuke na vumbi limfanye kila mtu awe na mvi. Kazi ikiisha, mwenye uwanja hutoa kasikisi, pombe ya ndizi, na hapo ndipo midomo huanza kazi yake.

Papa Sebahire alikuwepo, amepiga maharagwe kama wengine. Alikuwa katekista wa kapela, lile kanisa dogo la Kabingo, kwa miaka ishirini na miwili. Alisoma madarasa matatu tu, aliandika polepole huku ncha ya ulimi ikichungulia nje, na shati lake alilifunga vifungo mpaka shingoni hata kwenye vumbi. Alipopewa kibuyu chake, alifanya alama ya msalaba na kusema, "Tushukuru Mungu aliyetupa haya maharagwe."

Edmond alikuwa ameegemea rundo la makapi. "Papa Katekista, samahani. Umesema ni nani alitupa?"

"Mungu, mwanangu."

"Mimi nilimuona Mama anapanda. Na mgongo wake jioni niliuona. Ule mwingine sikumuona kwa shamba."

Watu wawili watatu wakacheka. Mama Mukandori akasema, "Edmond, funga kinywa."

"Muache aseme," akadakia Papa Evode, baba yake mdogo, ambaye tangu Nzabandora afe ndiye aliyelipa shule. "Kila mwaka mbuzi zangu zinaenda kwa ile shule. Leo nataka nisikie zimejifunza nini."

Kicheko kikawa kikubwa, na Edmond akasimama. Akisikia kicheko alikuwa kama mtu aliyesikia ngoma, miguu ilienda yenyewe.

"Papa Evode, mwaka jana ulikuwa na kesi kwa baraza ya chifu. Ulisema jirani ameiba mbuzi yako. Juge aliomba nani alete shahidi? Wewe ao jirani?"

"Mimi. Na sikumupata, na mbuzi ikapotea mara ya pili."

"Ndiyo, njo vile! Mwenye kusema njo mwenye kuleta. Jirani alikaa tu, mikono kifuani. Sasa Papa Katekista anasema Mungu iko. Mimi sisemi kitu. Mimi ni ule jirani. Alete preuve."

Papa Sebahire hakukasirika, na hilo Edmond alilikumbuka sana baadaye. Mzee aliinamisha kichwa, akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni na hataki kumpoteza.

"Hii milima," akasema. "Hii mvua. Nani aliitengeneza?"

"Hiyo ni swali, Papa. Mimi naomba shahidi, wewe unaniletea mbuzi ileile."

"Na Biblia?"

"Biblia iliandikwa na wenye kesi!"

Hapo watu walicheka mpaka wakakohoa makapi. Edmond akachukua ungo wa mama yake, akajitwika kichwani kama kofia ya mkubwa, akaketi juu ya kinu na kukata hukumu kwa sauti ya juge, yule hakimu wa chifu, ile ya puani: "Baraza la Kabingo limesikia. Mwenye kudai hana shahidi. Kesi imeanguka. Kila mtu aende nyumbani."

Vijana walijiviringisha chini. Papa Evode alifuta machozi kwa kiganja. Papa Sebahire alikuwa bado ameshika kibuyu chake, hajakionja.

"Ni kweli," akasema kicheko kilipopungua. "Mimi njo nasema, basi mimi njo napaswa kuleta. Na sina."

Akakiweka kibuyu chini kwa uangalifu kisimwagike, akamwambia Mama Mukandori aksanti, akachukua fimbo yake na kwenda. Kasikisi yake aliinywa Edmond.

Na jioni ileile, kabla ya chakula, Edmond huyohuyo alipiga magoti na mama yake na Sidonie, akaongoza rozari bila kuruka hata fumbo moja, kwa sababu yeye ndiye alikuwa na sauti nzuri. Hakuwa mtu asiyeamini. Hakuwahi kukaa chini hata saa moja na kulifikiria jambo lile. Alitaka tu wacheke.

Kilima kikalishika neno kama nyasi kavu zinavyoshika moto. Mke akimwambia mumewe chumvi imeisha, mume alisema, "Lete pereve." Mtoto akisema amenawa, aliombwa pereve, akanusishwa mikono. Edmond alipita njiani akipigiwa makofi, na alitembea kama mwenye njia.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja asiyejua kucheka. Hakorimana alikuwa msimamizi wa kapela. Ndiye aliyetunza makaburi ya Wakristo, akayapima kwa kamba yasipishane hata kidole. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kila kitu kiwe mahali pake. Yeye alilichukua neno la Edmond kama tangazo kutoka makao makuu, na lilimgusa pale ambapo kwa miezi minne palikuwa pakimwasha: kaburi dogo karibu na ua.

Kaburi hilo lilikuwa la mtoto wa kwanza wa Nyirabagenzi. Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, kwenye kibanda chao cha shambani ng'ambo ya bonde, katikati ya mvua. Baba yake, Jean-Bosco, alikuwa mbali Walikale, anavunja mawe ya barabara. Siku ya nane mtoto alianza kukata pumzi. Papa Sebahire alikuwa akipita kutoka kwa mgonjwa, akasikia mama analia, akaingia. Nyirabagenzi alimwachia mtoto mikononi, akakimbia kumwita mama yake. Aliporudi mtoto alikuwa amekufa, na katekista akamwambia, "Amebatizwa. Anaitwa Léonard."

Padri alikuwa mbali, alifika Kabingo mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akiwa anakufa katekista alikuwa na ruhusa ya kumwagia maji mwenyewe. Kisha aliandika katika kaye, daftari lake, jina, siku, na jina la mtu aliyeona. Padri akija alinakili katika kitabu kikubwa, na jambo likawa limethibitika. Aliyebatizwa alizikwa na Wakristo, na msalaba wenye jina lake. Asiyebatizwa alizikwa nyuma ya migomba, bila jina. Na kwa kuwa mwanamke kule huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, tangu siku ile kilima kizima kilimwita Nyirabagenzi Mama Léonard. Ni hilo tu alilobaki nalo kwa mtoto yule.

Hakorimana alikwenda kwa Papa Sebahire kuomba aione kaye.

"Hapa pa shahidi ni peupe," akasema.

"Ni peupe."

"Kwa nini hukuandika mtu?"

"Kwa sababu hakukuwa mtu."

Hakorimana akakuna kichwa. "Papa, sikatai neno lako. Lakini unajua sasa: mwenye kusema njo mwenye kuleta. Wewe mwenyewe ulikubali, kwa Mama Mukandori, mbele ya bantu wote. Acha tungoje Padri."

Akauchomoa ule msalaba mdogo wa mti, bila ubaya, akaufuta udongo na kuuegemeza nyuma ya mlango wa kapela. Kesho yake, kwenye chemchemi, mwanamke mmoja alitaka kumsalimu Nyirabagenzi, akafungua kinywa, akasita, kisha akamwita Nyirabagenzi.

Siku ya tatu Nyirabagenzi alikuja kwa Edmond asubuhi, na kikapu kidogo cha maharagwe mapya. Edmond alidhani anataka barua ya kumpelekea Jean-Bosco, kwa kuwa wasichana wengi walioolewa walimtumia kwa kazi hiyo, akaenda kutafuta kalamu.

"Kaka Edmond, siyo barua," akasema. "Nimekuja kwa ile sheria yako."

"Sheria gani, Mama Léonard?"

Alishtuka kama mtu aliyekanyagwa. "Usiniite vile. Kesi haiyakatwa bado." Akakaa chini, akaweka kikapu mbele ya Edmond. "Ile siku ya maharagwe mimi sikukuwepo. Banasema ulikata kesi ya Mungu, ikaanguka. Nakuomba unikatie na yangu. Ni ndogo kuliko ile."

Edmond alijaribu kucheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

Nyirabagenzi akaeleza yote taratibu, bila kulia, kama anavyoeleza mtu mbele ya juge: mvua, pumzi, mbio zake kwenda na kurudi. "Niliporudi uso wake ulikuwa na maji," akasema. "Lakini ile nyumba inavuja, kaka. Hata mimi uso wangu ulikuwa na maji. Sasa wewe umesoma. Sema. Alipata ao hakupata?"

"Mimi sijui."

"Shule haikufundisha?"

"Ilitufundisha kuuliza tu."

"Na ule mwenye kuulizwa, kama hana jibu, anaenda wapi na mutoto wake?"

Kuku walikuwa wakichakura makapi uani. Edmond aliwatazama kuku.

"Mama, ilikuwa kicheko," akasema.

"Hakorimana hakucheka. Aling'oa."

"Mimi sikumutuma."

"Basi ile sheria ni ya uongo?"

Angesema ndiyo, ingekuwa rahisi. Yule mwanamke angemwamini, angeondoka na amani yake. Lakini Edmond aliijua kanuni ile ndani na nje, na aliona haya kuikana kama alivyoona haya kuitetea. "Hapana," akasema. "Ni ya kweli."

"Basi mutoto wangu hana kitu."

"Sikusema vile!"

"Hukusema. Banasema wewe hausemagi kitu. Unakunja tu mikono."

Edmond akatazama chini na kukuta mikono yake imekunjwa kifuani kweli. Akaiteremsha. Hakujua aiweke wapi.

Nyirabagenzi aliinuka, akaacha kikapu. Edmond akamfuata mpaka kwenye njia akimrudishia. "Chukua maharagwe yako, tafazali."

"Kwa baraza hawarudishi," akasema, na hakugeuka.

Edmond alimtafuta Hakorimana, akamkuta anapima ua wa makaburi. Alitaka kumwambia arudishe msalaba. Kabla hajaanza, Hakorimana alimshika mkono kwa mikono miwili. "Kijana, umetusaidia sana. Hapa tulikuwa tunameza kila kitu kama kuku. Padri akija nitamwambia ni wewe ulitufungua macho."

"Usimwambie," Edmond akasema haraka.

"Kwa nini? Ni sifa yako!"

Hapo aibu ya Edmond ikapata mwenzake, nao ni woga. Padri yule ndiye aliyeandika barua iliyompeleka shuleni. Akisikia kwamba mwanafunzi wake alikalia kinu na ungo kichwani akimhukumu Mungu, suruali ya kaki ingekuwa ya kupalilia mihogo.

Aliporudi alipita mbele ya nyumba ya Papa Sebahire. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa ameketi na kitabu cha katekisimu magotini, kidole kwenye mstari, midomo ikitembea. Aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akaanza tena. Alikuwa anatafuta. Edmond alielewa anachotafuta, maana ni yeye aliyemtuma. Alikuwa na hatua kumi tu za kwenda kupiga hodi. Akaendelea na njia yake, akakanyaga polepole asisikike.

Ndipo akapata wazo, na kama mawazo yake yote lilikuja upesi na lilimpendeza. Kilichokosekana ni jina moja katika nafasi moja nyeupe. Msalaba ungerudi, Nyirabagenzi angelala, Hakorimana angenyamaza, na Padri asingekuwa na sababu ya kuuliza nani alianzisha maneno. Jina moja tu. Na jina Edmond alikuwa nalo.

Padri alifika tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane, siku moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, ndevu zimejaa vumbi jekundu. Meza ikawekwa mbele ya kapela, kitabu kikubwa kikafunguliwa, watu wakaketi chini. Papa Sebahire akasimama kando na kaye yake, akisoma jina baada ya jina. Akafika kwenye mwezi wa tatu.

"Léonard, mwana wa Jean-Bosco na Nyirabagenzi. Katika hatari ya kufa."

"Shahidi?" akauliza Padri bila kuinua kichwa.

"Hakuna, Padri."

Nyirabagenzi alikuwa ameketi mwisho kabisa, karibu na ua. Padri akainua kichwa. Hakorimana akafungua kinywa aanze kueleza, na Edmond akajua kwamba jina lake liko ndani ya kinywa kile. Akasimama.

"Mimi nilikuwepo."

Vichwa vyote vikageuka. Kila mtu Kabingo alijua Edmond alikuwa wapi mwezi wa tatu. Aliondoka baada ya Noeli na sanduku la mbao kichwani mwa Papa Evode, na hakurudi mpaka mwezi wa saba. Lakini hakuna aliyesema kitu. Papa Evode alichunguza ukucha wake. Hakorimana, mtu wa kamba na vipimo, alifunga kinywa, akatazama kwenye ua. Wote waliutaka ule msalaba urudi. Karibu wote walikuwa wamecheka, na sasa walikuwa tayari kunyamaza pamoja kama walivyocheka pamoja. Mama Mukandori peke yake aliinamisha uso mpaka kitambaa chake kikafunika macho.

"Uliona nini?" akauliza Padri.

"Nilikuwa napita. Mlango ulikuwa wazi. Papa Katekista alichukua maji kwa kibuyu, akamwagia mtoto kichwani, akasema maneno."

"Maneno gani?"

Edmond akayasema yote, bila kukosea, na sauti yake nzuri. Alishangaa jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi. Padri akachovya kalamu katika wino.

"Padri, usiandike," akasema Papa Sebahire.

Kalamu ikasimama.

"Huyu kijana hakuwepo. Mwezi wa tatu alikuwa shuleni kwenu. Kibuyu pia hakikuwepo, nilikitafuta sikukiona. Paa lilikuwa linavuja. Niliweka mukono chini ya lile tone, nikangoja ujae kidogo, nikamwagia mutoto." Akaonyesha kiganja chake, kimekunjwa kama kikombe. "Nilikuwa peke yangu. Ni neno langu tu. Kama halitoshi, usiandike, lakini usiandike hili."

Edmond alikuwa bado amesimama, hajui kama aketi.

"Upande gani?" Sauti ilitoka nyuma kabisa. Nyirabagenzi alikuwa ameinuka. "Papa, tone lilikuwa linaanguka upande gani?"

"Kwa kitanda. Kwa miguu ya kitanda."

"Njo pale," akasema polepole. "Nilikuwaga naweka chungu pale. Siku ile chungu kilipasuka." Akaweka mkono kinywani. Mzee hakuwahi kumweleza namna. Miezi yote alikuwa amepewa neno moja tu, amebatizwa, na sasa alikuwa anaona mkono chini ya tone, na mtu anangoja ujae.

"Mama, hiyo bado siyo ushahidi," akasema Padri, lakini kwa upole.

"Siyo ushahidi, Padri. Nimesikia tu."

Padri akafuta kalamu, akafikiri. Kisha akawaambia kitu ambacho Hakorimana na Edmond hawakukijua, ingawa mmoja alitunza makaburi na mwingine alitunza kanuni: kwamba kwa ubatizo sheria ya Kanisa hudai shahidi mmoja tu, kama ni mtu asiye na la kushukiwa, na aliyemwaga maji mwenyewe anaweza kuwa shahidi huyo. "Kwa hiyo nauliza ninyi," akasema. "Kuna mtu hapa mwenye neno juu ya Sebahire?"

Walikuwa wamemwona dakika ile akimtupa shahidi pekee aliyepata. Hakuna aliyeinua mkono.

Padri akachovya kalamu, akaandika. Hakorimana akaenda nyuma ya mlango, akautoa msalaba, akauleta kwa mikono miwili. "Mama Léonard," akasema, "unisamehe." Kisha, kwa kuwa alipenda kila kitu kiwe mahali pake, akangoja mtu amwambie nani ausimike.

"Na wewe," Padri akamwambia Edmond. "Kwa nini ulisema uongo?"

Edmond alikuwa ameshinda mabishano tisa katika Alhamisi kumi. Alitafuta mlango wa kutokea, akaona hakuna. Akaeleza. Alieleza maharagwe, kinu, ungo, sauti ya puani. Alipofika kwenye ungo alitumaini mtu mmoja, hata mmoja, atatabasamu. Papa Evode aliendelea na ukucha wake. Kilichochekesha mwezi uliopita kilikuwa kibaya kiasi gani kukisema polepole, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mama mwenye kaburi! Akaeleza pia kikapu, na kwamba alisema uongo kwa ajili ya yule mama. Kisha akaongeza, "Na kwa kuogopa wewe, Padri."

Padri hakumfukuza shule, wala hakumwambia kwamba hatamfukuza. Alisema tu, "Chukua jembe."

Edmond alichimba shimo dogo karibu na ua. Watu walisimama wakitazama. Nyirabagenzi alishika msalaba usipinde, Edmond akashindilia udongo kwa mikono, na mikono yao ilikaribia kugusana mara mbili. Nyirabagenzi alipohakikisha umesimama wima aliufuta kwa ncha ya kitenge, herufi kwa herufi, akaenda zake na wanawake wengine.

Walipotawanyika Edmond alimkuta Papa Sebahire anafungia kaye yake katika kitambaa.

"Papa, unisamehe."

"Ile ya leo? Ulitaka kunisaidia. Usirudie."

"Na ile ingine. Ya maharagwe."

Mzee akafunga fundo, akalikaza kwa meno. "Ile ingine nisamehe nini? Ulisema kweli. Nimetafuta kwa kitabu mwezi muzima, preuve yako sikuiona. Nilimuuliza hata Padri asubuhi ya leo. Ameniambia mengi, mengine mazuri, lakini kama wewe ungekuwepo ungeyaangusha." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayesema mwaka huu mihogo haikuzaa. "Nilijua toka zamani kwamba sina, mwanangu. Usiku mara mingi najua. Lakini asubuhi naenda kufundisha. Kitu sikujua ni kwamba bantu wangu wangecheka upesi vile. Wengine niliwashika mukono wakati baba zao wanakufa."

"Walicheka mimi, Papa. Walicheka ungo."

"Hapana. Nilikuwa nawatazama."

Udongo wa kaburi ulikuwa umekauka katika vidole vya Edmond, naye akaanza kuutoa kwenye kucha, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hilo lilimruhusu asiinue macho. Papa Sebahire alimngoja kidogo, kwa adabu, kama mtu njiani anavyomngoja mwenzake ajitwike mzigo. Kisha alivaa kofia yake, akaweka kaye kwapani, akashuka kilima.